Viti vya Jumatano

Tii.

Ilikuwa sauti ndogo, kama kijiko kilichogusa ukingo wa glasi, ikatoka mahali fulani gizani na kunyamaza. Annonciata alifumbua macho. Hakujisumbua kujiuliza ni nini. King'ora cha moshi cha pale koridoni kilikuwa kinalilia betri tangu mwezi uliopita, na Valère, mume wake, alikuwa amemkanya siku ya kuondoka, begi likiwa tayari begani: "Usikigonge na fagio, utakivunja. Nitakibadilishia betri nikirudi."

Kililia mara moja zaidi. Kisha ng'ambo ya ukuta ukaanza mnong'ono, na huo pia aliujua: Merveille, binti yao wa miaka sita, akipiga soga na dubu wake wa kitambaa kama kawaida yake akiamka kabla ya kucha.

Annonciata alinyoosha mkono akaichukua simu kutoka upande wa kitanda usiolaliwa na mtu. Kwenye ujumbe aliomtumia Valère Jumapili usiku, "Umefika?", bado kulikuwa na tiki moja tu ya kijivu.

Valère alikuwa amekwenda Uvira kumwona mama yake, ambaye aliugua ghafla. Alishuka Bujumbura salama, akatuma picha ya sahani ya ndagala, visamaki vya ziwani, akaandika kwamba kesho yake anavuka mpaka. Hiyo kesho ndiyo iliyokuja na habari mbaya: barabara imefungwa, watu wamepigwa risasi, mtandao umekatika. Tangu hapo hakuna neno. Annonciata alikuwa amekwisha kujifunza kwamba hofu ya namna hiyo haikai nyumbani ikakungoja. Inakufuata kazini, inapanda basi na wewe, ukiinama kufunga kamba za viatu vya mtoto nayo inainama.

Na viatu vya mtoto, asubuhi hiyo, kimoja hakikuonekana.

"Mama, guess what," Merveille alisema, mdomo umejaa uji.

"Baadaye, mama. Kiatu kingine kiko wapi?"

"But Mum, guess—"

"Merveille! Tutachelewa."

Mtoto akaingia chini ya meza kutafuta kiatu. Alikuwa mtoto wa Nechells huyo, mtaa wao huku kwa Waingereza. Kiswahili kilimwingia masikioni chote, na mdomoni kikamtoka Kiingereza. Kuhusu baba yake alijua kile tu alichoambiwa, kwamba Papa analala kwa Koko, bibi yake wa Uvira, kule ambako simu hazishiki vizuri, na kwamba kila kitu kiko sawa. Annonciata alilisema hilo huku akitabasamu, na mtoto akaamini. Angefanyaje? Mzigo ambao wewe mwenyewe huuwezi huwezi kumtwisha mtoto wa miaka sita.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na jioni yake alikuwa na wageni.

Annonciata alikuwa anasoma masomo ya jioni. Mchana alifanya kazi katika jiko la nyumba ya wazee, na mara mbili kwa wiki alivua aproni akaenda kukaa darasani, kwa sababu alikuwa na matumaini ambayo hakuyatangaza kwa watu: siku moja yeye mwenyewe asimame mbele ya darasa. Mwalimu wao, Sunita, aliwagawa makundi, na kundi lake likapewa swali hili: katika mji wa koloni wa karne ya kumi na nane, ng'ambo ya Atlantiki, habari za mtaa zilisambaaje?

Swali hilo lilimkaa. Meli inatia nanga, nahodha anakwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni, anayejua kusoma anapanda juu ya benchi na kuwasomea gazeti wasiojua, na hao wanaondoka nalo kichwani. Mpiga mbiu anapita barabarani na kengele yake ya mkononi. Annonciata aliipenda sana kengele hiyo. Kengele yenyewe haisemi jambo lolote, inasema tu: tokeni nje, kuna neno.

"Sasa mfikirieni mke wa baharia aliyezama," Sunita alisema wiki iliyopita. "Mji mzima umekwisha kujua. Yeye yuko uani anaanika nguo. Anageuka, anamwona nahodha anakuja, kofia ameishika mkononi."

Darasa zima lilicheka kidogo, lile cheko la watu wasiofikiwa na jambo. Annonciata naye alicheka. Wakati ule tiki za Valère zilikuwa bado mbili mbili.

Kundi lilipaswa kufanya mazoezi Jumatano, lakini chumba chao chuoni kilikuwa kinatengenezwa dari, kwa hiyo Annonciata akasema njooni kwangu. Halafu akatazama sebule yake: sofa moja, na kiti kimoja chenye mguu wa wasiwasi. Ndipo Jumanne alipomwandikia Mama Lucie wa Bordesley Green, mama ambaye gereji yake ndiyo ghala la viti vya plastiki na masufuria makubwa ya Wakongo wote wa upande ule. Aliandika: "Jambo Mama Lucie. Naomba viti kesho jioni. Kuna watu watakuja kwangu."

Hakueleza zaidi. Kanisani kulikuwa na midomo. Walikwisha kusema, mume yuko safarini, mke anatoka usiku na mkoba wa vitabu, anatafuta nini huko? Mama Lucie alimjibu papo hapo: "Sawa mwanangu. Tuko pamoja."

Annonciata aliona hilo ni jibu la upole sana kwa ajili ya viti tu, akaenda zake kukoroga uji.

Siku ilianza kuharibika saa za mchana, dukani. Alipitia kununua unga wa muhogo kwa Ciza, msichana wa kanisani kwao aliyeuza vyakula vya nyumbani, ambaye hakuna mteja aliyetoka kwake bila kutaniwa. Kwa kawaida angepaza sauti tangu mlangoni: "Professeur! Leo wamekufundisha nini, kuzaa wazungu?" Leo alitoka nyuma ya kaunta akamshika mikono yote miwili.

"Ujikaze, dada."

"Nijikaze na nini?"

Ciza alipepesa macho. "Na... na baridi. Baridi iko kali, enfin. Ujikaze na baridi."

Annonciata alitoka nje, unga kwapani, na ile baridi ikamwingia kweli. Alisimama kituoni akafungua simu. Lile kundi la akina mama kwenye simu halikuwa na tabia ya kulala: mistari ya Biblia, samaki wa kuuza, watoto wa watu wakicheza kwenye sherehe za ubatizo. Tangu jana usiku lilikuwa kimya. Hakuna hata amina moja.

Kimya cha namna hiyo alikuwa ameshakiona kwa upande wa pili. Kaka yake Mama Sagesse alipokufa kule Fizi, akina mama walifungua kundi lingine bila Mama Sagesse, la kupangana nani atapika nini na nani mwenye moyo atakayemwambia. Kwao msiba haupelekwi kwa simu. Watu wanakusanyika kwanza, wanajaza nyumba, wanakaa, ili neno litakapoanguka liangukie mikononi mwa watu. Annonciata alikuwemo katika kundi lile. Yeye mwenyewe aliandika: mimi nitaleta mchele.

Sasa nani analeta mchele?

Alimchukua Merveille shuleni akimshika mkono kwa nguvu hata mtoto akalalamika. Aliwaza kumpigia Mama Lucie amuulize waziwazi. Alilitafuta jina lake, akaligusa, akakata kabla haijaita. Kama ni kweli, basi asipouliza bado ana dakika chache za kuwa mke wa mtu. Nani angezikataa dakika hizo?

Saa kumi na nusu giza lilikuwa limekwisha kuingia, kama kawaida ya Novemba. Alimwacha Merveille chumbani na tableti kuukuu ya baba yake, ambayo mtoto alizoea kulala nayo, akajaribu kupiga pasi blauzi ya kupokelea wageni. Kengele ya mlango ikalia. Alijiambia ni wanadarasa, wamewahi.

Alipofungua, mbele yake alisimama Mzee Hugues, mzee wa kanisa, na nyuma yake gari lililojaa viti vyeupe. Mzee Hugues hakuwa mtu wa kuvua kofia, hata kwenye sala alibishana na wachungaji kuhusu upara wake na baridi. Sasa kofia yake ya sufu alikuwa ameishika mkononi, kifuani.

Annonciata alishika mlango.

"Mama Merveille," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Tunaweza kuingia?"

Waliingia. Mama Lucie na sufuria lililofungwa kwenye kitenge, Ciza na mkeka, Mama Sagesse, na wengine wawili wa kwaya, wote kwa vitambaa vya kichwa vya rangi zilizopoa. Walivua viatu bila kuambiwa. Hakuna aliyesema nyumba inanukia vizuri, hakuna aliyeuliza mtoto amefika darasa gani. Waliisogeza meza, wakaigeuza televisheni ikatazama ukuta, wakatandika mkeka. Viti walivipanga kuzunguka kuta kwa ajili ya watakaokuja, kisha wao wenyewe wakakaa chini, miguu wameinyoosha.

Hivyo ndivyo wanavyokaa watu msibani. Annonciata aliwahi kukaa hivyo katika sebule za wengine.

"Umekula?" Mama Lucie aliuliza.

"Mama Lucie, kuna nini?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Kaa hapa pembeni yangu."

"Niambieni."

"Tumekuja kukaa na wewe. Hakuna mtu atakusukuma. Utasema wakati utaweza."

Maneno hayo yalimpita kama gari linavyompita mtu aliyesimama barabarani. Alikaa kwa sababu miguu haikuwa na kazi nyingine. Mkono wa Mama Lucie ukaja mgongoni mwake, mpana, wa moto, ukaanza kupanda na kushuka.

Mlango wa chumba ukafunguka kidogo. "Mum? Why's the telly facing the wall?"

Ciza akainuka haraka. "Kuja, chérie. Twende tucheze kwa chumba."

"But I need to tell Mum something."

"Baadaye. Maman anachoka." Akamrudisha ndani, akauvuta mlango taratibu kama watu wanavyofunga mlango wa mgonjwa.

Mzee Hugues alisimama, akaomba. Aliomba kwa ajili ya nyumba hii, kwa ajili ya mama na mtoto, kwa ajili ya njia zote za Kongo zinazonywa damu. "Bwana, wewe unajua lile lililotufikia," alisema, na Annonciata akatega sikio akisubiri jina. Halikuja. Mzee alilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo lililo katikati ya barabara, akapita upande huu, akapita upande ule, akafika amina. Mama Sagesse alikuwa ameanza kulia bila sauti, machozi yakimshukia kidevuni.

Basi ni yeye, Annonciata aliwaza. Aliona vidole vya Valère vikikata mkate wa Merveille pembetatu, kwa sababu mtoto alishikilia kwamba wa mraba una ladha tofauti. Alimwona pale uwanja wa ndege, amegeuka mara ya mwisho, akionyesha kidole juu, kwenye dari, akimkumbusha king'ora. Aliona kwamba kuanzia usiku huu yeye ndiye atakayebadilisha betri zote. Kilio kilikuwa kinangoja ruhusa tu ya jina kutajwa.

Kengele ya mlango ikalia tena, na kabla mtu hajanyanyuka, mlango ambao haukufungwa vizuri ukasukumwa.

"Hodi jamani! Nimeleta chai, nimeleta sambusa, na mpiga mbiu wetu nimempata, cheki!"

Alikuwa Samsam, mwanadarasa mwenzake, Msomali aliyekulia Garissa, chupa ya chai mkono mmoja na mkono mwingine kengele ya shaba aliyoiokota katika duka la mitumba la Kings Heath. Aliitikisa. Ngala, ngala, ngala, ikajaa sebule nzima ya watu waliokaa chini.

Samsam aliishika ulimi ikanyamaza. Aliwatazama akina mama, akaitazama televisheni iliyogeuzwa, akamtazama Annonciata.

"Kwani ni nini? Nani amefariki?"

Chumba kizima kilishtuka. Kwao neno hilo halitupwi hivyo mlangoni. Lakini kwa akina Samsam maiti halazwi, anazikwa siku hiyohiyo, na mtu hana nafasi ya kuzungukazunguka.

"Binti, polepole," Mzee Hugues alisema.

"Polepole ya nini, mzee? Si mnaona vile anatetemeka? Mtu asiambiwe? Walahi hiyo ni kumtesa. Nani amekufa?"

Mama Lucie akamtazama Annonciata. Annonciata akamtazama Mama Lucie.

"Semeni," Annonciata alisema, na sauti yake hakuitambua. "Kama ni Valère, semeni."

Mkono mgongoni mwake ukasimama. "Sisi tuseme?"

"Ninyi ndio mmekuja."

"Mwanangu, ni wewe utuambie. Tunangojea wewe tangu saa ile."

"Niwaambie nini?"

"Ni nani amekufa."

Samsam aliweka chupa ya chai chini, polepole.

"Mimi sijui mtu aliyekufa," Annonciata alisema. "Mimi nimewaona ninyi mnaingia."

"Mais, uliomba viti!"

"Viti ni vya darasa! Kuna watu wa darasa wanakuja, Samsam huyu hapa, na Sejal, na Oliver, sina pa kuwakalisha!"

"Jumatano?" Mama Lucie alishika kichwa. "Mwanangu, Jumamosi viti ni vya arusi. Siku ya Mungu ni vya ubatizo. Tangu nichunge ile viti, nani aliniomba viti vya Jumatano bila kusema ni vya nini, kama hana maiti? Na mtu akiomba hivyo, mimi namuuliza? Mtu haulizwi!"

Annonciata hakujua. Angejuaje? Alikuwa mdogo bado, na kila aendapo kwenye msiba alikuta viti vimekwisha pangwa.

"Mimi nilimuuliza tu Ciza," Mama Lucie aliendelea, sasa kwa sauti ya kujitetea. "Kama kwa Annonciata kuko shida."

"Na mimi nikasema Papa Merveille haonekani mtandaoni tangu siku ya Mungu," Ciza alisema kutoka mlango wa chumba. "Ni hivyo tu nilisema. Sikusema amekufa."

"Mimi niliambiwa ni mama yake," mmoja wa kwaya akasema.

"Mimi nilipata kwamba ni yeye mwenyewe," Mama Sagesse alisema, akijifuta kidevu. "Barabarani. Risasi mbili."

"Risasi mbili! Nani alizihesabu?"

"Watu... watu walisema."

"Watu gani, Mama Sagesse?"

Mama Sagesse alimtazama Mzee Hugues, na Mzee Hugues akavaa kofia yake haraka, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

Samsam ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia, akashindwa, akaangukia kwenye kimoja cha viti vile vyeupe na kengele ikalia mapajani mwake. "Sunita lazima aisikie hii. Walahi, hatuhitaji hata mazoezi!" Mama Lucie akaziba mdomo na kitenge, mabega yakaanza kuruka. Hata mtu wa kwaya aliyekuwa ameshikilia amina yake akaiachia ikawa kicheko.

Annonciata hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, akielewa taratibu. Kengele aliipiga yeye mwenyewe. Ilizunguka Bordesley Green, ikapita dukani, ikapita kanisani, ikarudi mlangoni kwake na kofia mkononi, na hakuitambua. Lakini kilichomshika hakikuwa hicho.

"Kwa hiyo hakuna anayejua," alisema.

Kicheko kilikatika.

"Hakuna aliyesikia habari yake. Hata mbaya."

Mama Sagesse alitikisa kichwa. Hakuna.

Ikawa afadhali kuliko vile alivyokuwa amekaa mkekani, na ikawa mbaya zaidi pia. Dakika chache zilizopita alidhani yuko mtu anayejua. Sasa nyumba ilikuwa imejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyejua zaidi yake.

"Mpigie," Mama Lucie alisema kwa upole. "Mpigie sasa, tuko hapa."

Alipiga, akaweka sauti nje. Walisikia ule mkwaruzo wa mbali, kisha mwanamke wa kwenye mashine akasema kwa Kifaransa kisichojali kwamba mteja hapatikani. Annonciata aliitazama simu. Laini yake mwenyewe alikuwa ameibadilisha siku chache kabla Valère hajaondoka, namba mpya hata yeye hakuishika kichwani. Kama Valère amepoteza simu, angempata yeye kwa namba ipi? Na kama hajapoteza simu? Wazo hilo la pili alilifungia mlango, likaendelea kugonga.

"Basi tutakaa," Mama Lucie alisema. "Tumeshafika, chakula kimeshaiva. Tutakaa na wewe mpaka aite." Akaigeuza televisheni. "Na tukae kwa viti, tafadhali, magoti yangu yamekufa kweli."

Walikuwa wanainuka kutoka mkekani, wakishikana mikono, ndipo iliposikika.

Tii.

Annonciata aliinua macho kwenye king'ora cha koridoni. Kilikuwa pale darini, kimya, taa yake ndogo imetulia.

Tii.

Haikutoka juu. Ilitoka chini, usawa wa kiuno, mlangoni mwa chumba, ambako Merveille alikuwa amempenya Ciza na kusimama na soksi zake, dubu kwapa moja na kwapa jingine ile tableti ya baba yake, ambayo Valère aliifungua zamani kwa barua pepe yake mwenyewe na hakuwahi kujitoa, hivyo hata kwa simu ya kuazima angeweza kuipigia. Kioo chake kilikuwa kinawaka.

Mtoto aliwatazama watu wazima wote waliomtazama. Pengine ni wingi wao, pengine ni vitenge. Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, Kiingereza hakikumtoka.

"Papa alinipigia asubuhi, aliibiwa simu."